Mkoa wa Gera

Kompyuta ya dirisha namba tatu
inataka kujua baba alisomea wapi.
Nchi: Ujerumani. Hapo imeridhika.
Jimbo: inafungua orodha,
majina kumi na sita kwa alfabeti,
kama watoto kwenye foleni ya uji.

"Gera," anasema baba.
Kijana anashuka na orodha, anapanda nayo.
"Gera haipo, mzee."
"Tazama vizuri. Iko baada ya Erfurt."
"Na Erfurt haipo."

Baba anafungua bahasha ya kaki.
Cheti kimekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuwa matundu,
lakini muhuri bado wa zambarau, bado wa mviringo:
Mkoa wa Gera, mwaka sabini na nne,
Mwinjuma Singano, fundi wa mashine za kusokota.
Kwa karatasi hii alirudi Tanga
akazilisha mashine mkonge miaka ishirini na sita,
akizisikiliza kwa sikio la kushoto;
la kulia lilikwisha kufa kwa kelele.

Nikiwa mdogo, Barabara ya Kumi na Mbili,
alinifundisha mikoa ile kabla sijaijua ya kwetu.
Alikuwa ameitia kwenye mizani isimtoroke:

    Rostoki, kisha Shwerini,
    Potsdamu iko jirani,
    Gera imo mwangu ndani,
    Suli mbali yatulia.

Beti zilikuwa nne. Mikoa kumi na minne.
Niliiimba nikiruka kamba, nikichambua mchele,
na siku moja mwalimu wa jiografia akaniambia nikae chini,
nchi hiyo haipo,
ukuta umeanguka na mikoa imefutwa
kama ubao baada ya kipindi cha hesabu.
Nilirudi nyumbani nikanyamaza. Sikutaka niwe mimi
wa kumpa baba habari ya msiba.
Kumbe alishajua. Aliendelea kuikariri tu,
kila asubuhi, akipaka baiskeli mafuta.

"Mzee," anasema kijana, naye si mkorofi,
jina kifuani Elisafi, kalamu sikioni,
"Gera siku hizi iko ndani ya Turingia. Nichague Turingia?"
"Sijapata kukaa Turingia."
"Ni palepale, mzee. Mji ni uleule."
"Ningekaa Turingia ningekumbuka."

Nyuma yetu foleni inakohoa.
Mama mmoja anajipepea na kitambulisho chake.

Baba hapandishi sauti.
Anatoa karatasi mbili nyingine, anazilaza kaunta
kama mtu anayetandika kitanda.
"Hii ya kuzaliwa mke wangu: Maramba, Wilaya ya Muheza.
Hii ya kuzikwa: Maramba, Wilaya ya Mkinga.
Kutoka kitovu chake kilipozikwa hadi kaburi lake
ni hatua sitini, nimezihesabu.
Hebu niambie, mwanangu, nani alimhamisha?"

Elisafi anaitazama ya kwanza.
Anaitazama ya pili.
"Bibi yangu naye," anasema polepole,
"alikuwa wa Handeni. Sasa anaambiwa ni wa Kilindi.
Anakataa mpaka leo."
"Mwache akatae."

Kisha anashuka na orodha hadi chini kabisa,
chini ya majimbo yote kumi na sita,
kuna neno moja halina mji wala mto:
Nyinginezo.
"Hapa naweza kuandika mwenyewe," anasema.
"Herufi ishirini tu."
"Gera ni nne," anasema baba. "Zinazobaki wape wengine."

Nje, jua la saa saba limelala juu ya lami.
Baba ananikabidhi bahasha, anashika usukani wa baiskeli,
nami nasubiri aseme neno kubwa.
Anasema mnyororo umelegea.
Anainama, anaukaza kwa vidole viwili,
na midomo yake, naiona, inatembea:
Rostoki, kisha Shwerini.